Tuliapa Mama Yake Hajulikani Alipo, Naye Anapiga Simu Kila Jioni

Mpendwa mshauri wa ukurasa wa kumi na nne, naomba msaada, na ninauomba haraka kwa sababu Ijumaa mchana iko karibu mno, na tafadhali usianze kunigombeza kabla hujafika mwisho, maana mume wangu nilimsomea barua hii nusu tu akatoka nje kwenda kumwagilia maua ambayo alikuwa ameshayamwagilia.

Mimi ni bibi wa miaka hamsini na minane, kazi yangu ni ususi, nasuka hapa hapa nyumbani barazani, viti vitatu na kioo kimoja, na mume wangu ni mstaafu wa ofisi ya vifurushi ya kituo cha mabasi, ambako alikaa miaka thelathini na moja akipokea mizigo ya watu, akiiandika, akiipanga kwenye rafu na kuwarudishia wenyewe, na hajawahi kupoteza hata mwavuli, jambo ambalo atakueleza ukimpa nafasi na hata usipompa. Tuna binti mmoja, na binti yetu ana mtoto mmoja, msichana wa miaka sita na nusu ambaye mtaa mzima unamwita Bosi kwa jinsi anavyowapanga wateja wangu kwenye foleni. Baba yake aliikana mimba akahama mji, na huyo ndiye kweli hajulikani alipo, natamani tungemwandika yeye kwenye ile karatasi, lakini ngoja niende kwa utaratibu.

Bosi alikuja kwetu akiwa na miezi minane. Binti yetu alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, akasema mama, baba, nishikieni huyu, nikimaliza nitamchukua, nasi tukasema lete. Sasa mume wangu, ambaye nyumbani ana daftari kubwa la mistari kama lile la kazini, na ambaye jirani akiazima ngazi lazima atie sahihi, alilitoa daftari lake pale pale, binti bado amesimama mlangoni machozi yanamtoka, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Mtoto mmoja, wa kike, hali nzuri, meno mawili. Mkoba mmoja wa nguo. Chupa mbili, moja haina kifuniko." Upande wa kulia kuna safu ya tarehe ya kuchukuliwa, na mume wangu hajawahi kuacha safu wazi tangu nimjue, kwa hiyo akamuuliza binti ajaze nini, binti akacheka huku analia, akashika kalamu akaandika mwenyewe, "Nikimaliza chuo, nikipata kazi na nyumba," akatia sahihi. Tulicheka wote watatu. Mimi nilidhani ni utani wa kumtuliza.

Mshauri, mtoto yule nimemlea. Nimemsuka tangu nywele zake zilipoanza kushikika, najua upande gani wa kichwa unamuuma akivutwa, najua akinyamaza sana kuna kitu amevunja, na nikikosea mstari ananiambia, "Bibi, rudia." Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, binti yangu mwenyewe sikumlea hivyo, maana mimi na mume wangu tulipata kazi mji wa mbali, chumba kimoja kisichotutosha hata sisi, tukamwacha kwa mama yangu akiwa na mwaka mmoja, na nilipokwenda kumchukua alikuwa na miaka tisa. Mama yangu alijilaza kitandani siku tatu akidai kiuno kimekatika ili nisimchukue, nikamchukua hivyo hivyo, na mwanangu akaniita dada mwaka mzima. Kwa hiyo hatua ya kwanza, homa ya kwanza, jino la kwanza kung'oka, hayo yote mimi nimeyaonea kwa Bosi, na nilipoyaona nilijiambia haya hayaondoki tena.

Miezi miwili iliyopita binti akapiga simu anafurahi mpaka anakosa pumzi, kwamba amepata kazi ya kudumu hospitali, amepata vyumba viwili, shule iko nyuma ya nyumba, na kitanda cha Bosi kipo tayari, kina droo chini, na shule zikifungwa anakuja kumchukua. Nikasema hongera mwanangu, nikaweka simu chini, nikarudi kumsuka mteja nikamvuta mpaka akapiga ukelele. Mteja mwenyewe alikuwa jirani yangu tunayemwita Redio, kwa sababu haizimwi, na Redio akaniambia, "Mbona mnaonewa? Mtoto mmelea ninyi. Nendeni mahakamani mkaombe ulezi wa kisheria. Mkipewa karatasi, hata mama yake aje na basi zima hamchukui." Akasema kuna bibi mmoja alifanya hivyo akashinda, ila nilipomuuliza bibi gani, akasema habari hiyo aliisikia saluni, na saluni anayokwenda ni kwangu.

Nilidhani mume wangu atakataa, kumbe yeye ana sheria yake kichwani. Ofisini kwao mzigo ukikaa siku tisini mwenyewe hajaonekana, unajaziwa fomu ya mzigo usio na mwenyewe, unakuwa wa ofisi. Akasema, "Huyu amekaa karibu miaka sita. Siku tisini zimepita mara ngapi?" Akavaa koti.

Nje ya mahakama kuna mzee anaandika maombi ya watu kwa taipureta, miwani yake imefungwa kwa uzi, akatuuliza mama wa mtoto yuko wapi, nikamwambia yuko kazini, ni muuguzi, akaacha kupiga taipureta, akasema, "Mama, ukiandika yupo, hakimu atataka kumsikia. Ukiandika hajulikani alipo, hakimu hana wa kumuuliza." Tukaangaliana. Mume wangu akakohoa. Mimi nikasema, "Andika." Ni mimi niliyesema, mshauri, hilo naliungama. Ikaandikwa kwamba mama amemtelekeza mtoto na hajulikani alipo, tukaenda kwa kamishna wa viapo tukaapa, tukatia sahihi, mume wangu akauliza kama kuna mahali pa kuandika hali ya mtoto wakati wa kupokelewa, wakamwambia hapana, akasikitika. Jioni hiyo saa moja, mama asiyejulikana alipo akapiga simu kama anavyopiga kila siku, akaniuliza, "Mama, mbona sauti yako imebadilika?" Nikamwambia ni vumbi.

Jana ndiyo afisa wa ustawi wa jamii akaja kutukagua. Tulijiandaa, maana Redio alituambia wanaangalia vitabu, tukaazima kabati la jirani mwalimu pamoja na vitabu vyake vya kemia, mume wangu akaweka ndoo ya mchanga mlangoni kwa ajili ya moto, na mimi nikamfundisha Bosi majibu. Ukiulizwa unakula nini, sema matunda na mboga. Ukiulizwa mama yako yuko wapi, sema hajulikani alipo. Akaniuliza, "Lakini si yuko hospitali?" Nikamwambia yuko, lakini hajulikani sana. Akanitazama kama anavyowatazama wateja wanaotaka kuruka foleni.

Afisa mwenyewe ni binti mdogo mwenye faili na raba nyeupe, na nywele zake, mshauri, mistari ya mbele yote imeachia, nami kabla hajakaa sawasawa nikamwambia, "Njoo hapa mwanangu nikutengeneze, bure kabisa." Akasema ahsante mama, niko kazini. Mume wangu akanikanyaga mguu. Afisa akainama kwa Bosi akamuuliza kwa upole, "Hapa nyumbani unakula nini?" Bosi akajibu kwa pumzi moja, "Matunda na mboga na mama yangu hajulikani alipo," kisha akanigeukia, "Nimemaliza, Bibi. Nipe biskuti."

Hapo mume wangu akaona aokoe jahazi, akaleta daftari. Asubuhi nilikuwa nimemwambia alifiche, akasema daftari ndilo shahidi wetu, maana linaonyesha tulivyotunza. Akafungua ukurasa akasema, "Alipokelewa ana meno mawili. Sasa ana ishirini, na mawili yaliyong'oka tumeyahifadhi kwenye bahasha, hii hapa." Yule binti akalichukua daftari, akasoma upande wa kushoto akatabasamu, kisha akasoma upande wa kulia. Kumbe kila binti yetu alipokuja kumwona mtoto, mume wangu aliandika tarehe na maneno haya: "Mwenyewe amekuja kuangalia mzigo." Mara ishirini na tisa. Afisa akazihesabu kwa ncha ya kalamu, akauliza taratibu, "Baba, ofisini kwenu, mwenyewe akija kuangalia mzigo wake, zile siku tisini zinakuwaje?" Sasa mshauri, mume wangu mbele ya kamishna wa viapo aliweza kudanganya, lakini kuhusu vifurushi hawezi. Akanyoosha mgongo, akasema, "Zinaanza kuhesabiwa upya."

Na simu ikaita. Saa saba mchana, siyo saa yake kabisa, iko mezani mbele ya watu wote na imeandika Mama Bosi kwa herufi kubwa, na kabla sijanyoosha mkono Bosi ameshaiwahi na kuiweka sauti kubwa, kwa sababu kila kitu anakijua. "Mama! Uko wapi?" "Niko kazini mwanangu, nimetoka mapumziko ya chakula." Bosi akamgeukia afisa. "Yuko kazini. Andika." Binti yangu akauliza kuna nani hapo, Bosi akasema, "Mgeni wa serikali. Amekuja kuangalia kama nitakaa hapa mpaka nizeeke." Kisha binti yangu akasema, "Nipe bibi." Nikashika simu nikasema mtandao mbaya, nikaizima.

Afisa hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema kesi inatajwa Jumatatu, na kisheria lazima azungumze na mama wa mtoto, na kwa kuwa sasa amejua anapatikana, atampigia Ijumaa mchana, na angependa akute ameshayasikia kutoka kwetu. Chai hakunywa. Nilipowasha simu nikakuta ujumbe wa maneno mawili, "Nakuja Jumamosi," bila salamu, bila kuniita mama. Jioni hakupiga.

Sasa nipo njia panda. Mume wangu anasema tumwambie mgeni alikuja mambo ya chanjo. Redio anasema nimchukue Bosi twende kwa dada yangu wiki mbili mpaka upepo upite. Na mimi moyoni bado nasema labda tuendelee na kesi, hakimu naye ni binadamu, huenda naye alilelewa na bibi. Nami nisikufiche kitu, Bosi alifunga begi lake mwezi uliopita. Nikalifungua nikapanga nguo kabatini, kesho yake nikakuta limefungwa tena. Nikalifungua tena. Tumekwenda hivyo mara nne bila kuambiana neno. Na juzi nikimsuka akaniuliza, "Bibi, kwa mama kuna kitanda changu. Wewe tutakulaza wapi?" Nikamwambia atulize kichwa.

Nisaidie. Nampenda mtoto huyu mpaka naogopa.

Ni mimi, Bibi wa Bosi.

MSHAURI ANAJIBU

Bibi wa Bosi, shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mbele huko heshima inaweza kupungua kidogo.

Barua yako imeletwa Jumatano asubuhi na mama mmoja aliyekataa kutaja jina, bahasha ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi ya kope. Aliuliza kama jibu litakuwa refu na kama anaweza kusubiri alisome kwanza. Nadhani namjua. Usimpe tena hata bahasha tupu. Nimekurusha mbele ya wapenzi kumi na wawili waliokosana ili jibu lako litoke leo Alhamisi, nao wakilalamika nitawatumia kwako uwasuke.

Nimecheka, sikufichi. Kwenye daftari nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikafika kwenye begi, nikaacha kucheka.

Mama, ulezi wa kisheria wa babu na bibi upo, na ni jambo jema. Upo kwa ajili ya mtoto ambaye wazazi wamefariki, au ni wagonjwa wasioweza kulea, au wanampiga, au wamemtupa kweli kweli. Nimepokea barua za mabibi wa namna hiyo, wanahangaika kupata karatasi ile ili mtoto aandikishwe shule au atibiwe, na hawana mtu wa kumpigia simu saa moja jioni. Mliposimama kwenye foleni moja nao mkasema yenu ni hayo hayo, mliwadhulumu. Mwenye kuonewa hapa hukuwa wewe, hata kama Redio alikuambia hivyo akiwa amekaa kwenye kiti chako na kichwa chake mikononi mwako.

Na kiapo. Mliapa uongo, mama. Siyo kutia chumvi, siyo kukosea tarehe. Ulijua alipo, unajua mpaka saa anayokula. Jambo hilo lina kesi yake peke yake, na usingoje lije kukugongea mlango.

Mambo ya chanjo uyasahau. Binti yenu ni muuguzi! Mume wako, nampa pole, amechagua uongo pekee ambao mwanawe amesomea. Kwenda kwa dada yako na mtoto wakati kesi iko mahakamani ndiyo usithubutu kabisa. Hapo ndipo utakapowekwa kwenye karatasi ya kweli, na safari hii asiyejulikana alipo utakuwa wewe. Na hakimu kulelewa na bibi yake hakumfanyi ampokonye mama mtoto kwa sababu bibi anasuka vizuri.

Unachofanya ni hiki. Leo jioni mpigie binti yako wewe mwenyewe, usingoje apige, maana unaogopa kwamba hatapiga na uko sahihi kuogopa. Mpe Bosi kazi yoyote nje. Usianze na "unajua mwanangu jinsi tulivyohangaika." Chukua karatasi ya mahakama umsomee yote, pamoja na pale palipoandikwa amemtelekeza mtoto, kwa sababu neno hilo atalisoma siku moja, na ni bora alisikie kwa sauti yako ikitetemeka. Mwambie nani alisema "andika". Akikukatia simu, subiri, mpigie tena. Akilia, nyamaza. Akikutukana, nyamaza vile vile, utajitetea mwakani.

Kesho asubuhi mapema, wewe na mzee mwende masjala ya mahakama na namba ya jalada mkaseme mnaondoa ombi. Kabla ya hapo piteni ofisi ya msaada wa kisheria, mwambieni wakili ukweli wote kuhusu kile kiapo, awaonyeshe namna ya kukisahihisha kwa maandishi. Kisha mwoneni yule binti wa ustawi wa jamii kabla hajapiga simu yake. Mwombeni radhi. Na usimguse nywele. Najua ulimaanisha wema, najua mkono wako uliwasha kuona mistari imeachia, lakini kumsuka bure mtu aliyekuja kukukagua kuna jina lake, na wewe unalijua.

Mzee wako naomba nimseme kidogo na kumsifu. Ninamsifu kwa sababu katika nyumba ile yeye ndiye peke yake aliyeandika kila mara mama wa mtoto alipokuja, hata pale ilipomwumiza. Ninamsema kwa sababu aliyaandika miaka sita bila kuyasoma. Mtu aliyesafiri siku nzima ndani ya basi, mara ishirini na tisa, na vitabu vya chuo mapajani, akaja akakaa siku mbili akarudi, huyo hakuwa ametelekeza kitu.

Kwa Bosi, mkalishe mbele yako leo umwambie, "Nilikufundisha kusema uongo juu ya mama yako. Nilikosa." Atakuelewa upesi kuliko mimi nilivyokuelewa. Anakwenda kwa mama yake na anataka kwenda, amekuambia kwa begi mara nne, na wewe mara nne ukajifanya hujasikia. Wala hajakuacha. Ameuliza watakulaza wapi. Hilo ni swali la kweli, mpelekee mwenye nyumba alijibu. Mwombe binti yako likizo za shule, mwombe simu ya Jumapili, mwombe wiki ya kwanza ukamsaidie mtoto kuzoea. Omba kama mtu anayeweza kukataliwa. Huenda akakataa kwa muda, na utavumilia.

Sasa nikuambie kilichoniuma. Unajua mama anavyoumia mwanawe akimwita dada, jambo hilo lilikupata mwaka mzima. Unajua bibi anavyofanya akiogopa kubaki peke yake. Mama yako alitumia kiuno, wewe ukatumia mahakama. Nilidhani katikati ya hayo yote ungemwonea huruma binti yako, kwa sababu ni yeye aliyeachwa akiwa na mwaka mmoja, na ni yeye aliyelazimika kumwacha wake akiwa na miezi minane, nadhani huku akijiapiza kwamba wake hatafika miaka tisa kabla ya kuchukuliwa. Hajafika. Ametimiza. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomuuliza anaendeleaje, kazi ikoje, analala saa ngapi, kule kwenye vyumba viwili anakaa na nani jioni baada ya kukata simu. Sijapaona. Umeniandikia meno ya mjukuu wako yote, na juu ya binti yako umeniandikia saa za simu tu.

Kwa hiyo Jumamosi nenda kituoni ukampokee mwanao. Nenda mapema, na uende peke yako. Bosi abaki na babu yake, atalia kidogo, atanyamaza. Basi likifika usianze kujieleza mlangoni. Mpokee mzigo alioushika, muulize safari ilikuwaje, umsikilize mpaka amalize, hata kama atakachosema ni kibaya. Kisha rudini kwa miguu, polepole. Njia hiyo iwe yenu wawili tu, maana tangu azaliwe hamjapata muda mwingi wa namna hiyo.